Anayeswaga ni nani?

Wiki mbili zilizopita nililetewa tangazo la shindano la uandishi nilitafsiri. Kurasa nne, siku tatu. Nilikwenda vizuri hadi ukurasa wa pili, nikakuta washiriki wanaombwa kutuma "a compelling story". Aliyejaribu kazi hiyo kabla yangu, na rasimu yake nilikuwa nayo, aliandika "hadithi ya kulazimisha". Nilicheka peke yangu. Nilimwona mtu kakamatwa shati, anasomewa hadithi, na mlango umepigwa komeo.

Kicheko kiliisha nilipoanza kutafuta neno langu mwenyewe. Mwenzangu yule hakuikosea kamusi. Compel ni lazimisha, compel ni shurutisha, ndivyo tulivyofundishwa. Sasa imekuwaje neno la mabavu likawa sifa ya hadithi nzuri?

Neno lenyewe liliingia Kiingereza karne ya 14 kupitia Kifaransa, likitokea Kilatini: compellere. Com ni pamoja. Pellere ni kusukuma, kupeleka mbele kwa nguvu. Na mifugo ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyosukumwa hivyo. Virgil, mshairi wa Roma ya kale, analitumia kwa wachungaji wawili, Corydon na Thyrsis, waliokusanya makundi yao mahali pamoja, mmoja ana mbuzi, mwenzake kondoo. Sisi tunalo neno la kazi hiyo: kuswaga. Aliyewahi kuona ng'ombe wakiswagwa kwenda mnadani anajua kwamba fimbo haigusi kila mgongo. Inampata wa nyuma, naye anawasukuma walio mbele, na aliye mbele kabisa anaweza kuamini anakwenda kwa hiari yake.

Ndugu wa neno hili nao wanafanana nalo. Coerce inatokana na kufungia ndani, kama zizini. Oblige inatokana na kufunga kamba, na kamba hiyohiyo Wareno wameifanya shukrani: obrigado, yaani nimefungwa kwako. Kutoka pellere kuna pia mapigo ya moyo, pulse, na kuna compulsive, yaani ya asiyeweza kujizuia, ambayo ndiyo inayonitisha kuliko zote. Mtu anayechana mkeka wa kubeti uliopotea saa nne usiku na saa nne na nusu anaandaa mwingine, nyuma yake hakuna mtu mwenye fimbo. Mswagaji amehamia ndani.

Lakini mahali ambapo kitenzi hiki kimewaumiza watu kweli ni karamuni. Katika Luka 14, mwenye nyumba kaandaa chakula, walioalikwa wanatoa udhuru: mmoja kanunua shamba, mwingine jozi tano za ng'ombe, wa tatu kaoa. Wanaitwa maskini na vilema, nafasi bado ipo. Mtumwa anaambiwa aende barabarani, "ukawashurutishe kuingia ndani, nyumba yangu ipate kujaa". Jerome, mfasiri wa Biblia wa kale, aliandika kwa Kilatini compelle intrare, na Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikafuata: compel them to come in.

Mimi nikisoma pale namwona mama mwenye nyumba wa kwetu. Mpita njia akikaribishwa chakula, adabu ni kusema "asante, nimeshiba". Na adabu ya mwenyeji ni kutomsadiki. Anang'ang'aniwa, anavutiwa kiti, ananawishwa mikono, mwisho anakula. Maskini wa barabarani anayeitwa kwa tajiri atakataa mara ngapi kwa aibu? Hiyo ndiyo shuruti ninayoiona mle.

Augustine hakuiona hivyo. Huyu alikuwa askofu wa Hippo, ambayo leo ni Annaba nchini Algeria, naye mwanzoni alipinga watu kuingizwa kanisani kwa nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 5, katika mvutano na Wadonati, Wakristo waliojitenga na kanisa lake, Waafrika wenzake, alibadili msimamo, akaandika wazi kwamba sheria za kaisari zimewarudisha wengi, na mstari wa karamu akaufanya hoja. Kilatini alichokinukuu kilikuwa na cogite, kitenzi kingine ambacho nacho asili yake ni kuswaga pamoja. Kwa hiyo hata kwa njia hiyo hatutoki zizini.

Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifuta haki za Waprotestanti. Tayari askari walikuwa wakipangishwa kwa nguvu majumbani mwao, wale, walale, wavunje, hadi wenye nyumba waikane imani yao. Pierre Bayle, mwanafalsafa Mprotestanti wa Kifaransa ambaye kaka yake alifia gerezani mwaka huohuo, alianza mwaka 1686 kuchapisha kitabu kizima kuhusu maneno hayo ya Luka, akisema hayawezi kuwa na maana waliyopewa. Namwelewa. Pale karamu ilikuwa imegeuzwa: mgeni ndiye mwenye silaha, na mwenye nyumba ndiye anayelazimishwa.

Maneno yetu wenyewe nayo yana ya kusimulia. Lazima ni la Kiarabu, kutoka kwenye kushikamana, kugandana na kitu. Shurutisha ni la hukohuko, kutoka sharti, yaani kipengele cha makubaliano. Fikiria: neno la watu wawili kupatana limetuletea neno la mmoja kumburura mwenzake. Aliyewahi kubonyeza "nakubali masharti" ili apate mkopo wa simu usiku mtoto akiwa na homa haoni ajabu yoyote.

Ninachokipenda ni kwamba Kiswahili kina kiambishi kinachouliza. Ukisema umelazimishwa, msikilizaji anataka jina: na nani? Ukisema umelazimika, hakuna anayeuliza. "Tumelazimika kupandisha nauli." "Tumelazimika kupunguza wafanyakazi." Herufi tatu tu zimeipisha moja na mswagaji kapotelea kichakani. Kiingereza nacho kina mbinu hiyo, I feel compelled, husemwa na mtu ambaye hakuna aliyemgusa, na mara nyingi kinachofuata ni tusi alilokuwa anatamani kulitoa tangu asubuhi. Kila ninapokutana na kulazimika kwenye barua ya ofisi natamani kuirudisha kwa mwandishi na swali moja pembeni.

Na hadithi je? Sijali Kiingereza kulifanya neno hili tamu, lugha ni yao. Ila compelling evidence kwangu ni ushahidi mzito na itabaki hivyo, maana uzito ni wa ushahidi wenyewe, hakuna anayekushikia fimbo uukubali. Kwenye hadithi, "yenye mvuto" nililiandika nikalifuta. Hata sabuni ina mvuto. Mwishowe nilirudi kwa yule mama wa karamu, nikaandika "hadithi itakayomng'ang'ania msomaji asiondoke".

Mteja aliuliza kwa nini maneno matatu yamekuwa manne. Nalipwa kwa idadi ya maneno ya Kiingereza, kwa hiyo nikamjibu la nne ni sadaka.