Kamera ya bei mbaya, stendi ya plastiki
Inakera sana! Mtu anajikusanyia lenzi tatu za kupigia mandhari, halafu stendi ya miguu mitatu ya kuwekea kamera anachukua ile nyepesi ya plastiki. Alfajiri shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachoingiza mwanga, inabaki wazi sekunde 1 au 2; kaupepo kidogo tu, stendi inatikisika, hata mawe yanatoka na ukungu pichani.

Na ile nguzo ya katikati ya stendi, jamani, ishusheni! Ikipanda, kamera inasimama juu ya mguu mmoja, si mitatu. Refusha kwanza vipande vinene vya juu vya miguu. Begi lining'inizwe kwenye ndoano ya stendi huku likigusa ardhi, lisibembee. Taima ya kuchelewesha picha iwe sekunde 2, maana kidole chenyewe kikibonyeza kinatikisa. Kituliza mtikisiko cha lenzi kizimwe: baadhi huhangaika kurekebisha mtikisiko usiokuwepo, vikauleta vyenyewe.