Prosesa ya biti 64, UEFI ya biti 32

Kinachonikera kwenye kompyuta mpakato ndogo za bei nafuu zenye prosesa za Intel Atom za kizazi cha Bay Trail, kilichoingia sokoni mwaka 2013, ni kwamba nyingi zina prosesa ya biti 64 ilhali UEFI yake, yaani programu ya kwanza kuamka ukibonyeza kitufe cha kuwasha, ni ya biti 32. Unaandaa fleshi ya kusakinisha Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, kwa uangalifu wote, unaichomeka, na mashine haiitambui kabisa wala haitoi ujumbe wowote wa kosa. Tatizo ni faili moja dogo, bootia32.efi, ambalo UEFI ya biti 32 hulitafuta ili kuanzisha mfumo, lakini matoleo kadhaa ya Linux hayaliweki kwenye folda ya EFI/BOOT ya fleshi, ingawa Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilishughulikia mchanganyiko huu tangu toleo la 8 la mwaka 2015. Ukishavuka hapo, mara nyingi Wi-Fi au sauti nayo inagoma. Mtengenezaji angeweza kuweka UEFI ya biti 64 tangu mwanzo. Badala yake ameiacha mashine nzima ing'ang'anie Windows ambayo masasisho yake makubwa yanakosa nafasi kwenye hifadhi ya gigabaiti 32, na huo ni uonevu kwa mtu aliyeinunua kwa fedha zake halali.