Sheria inayopiganiwa, Daniel angerudishwa mlangoni

Kuna stori hainitoki kichwani kila nikisikia watu wanabishana kuhusu kifo cha huruma, nayo ni ya mwanafunzi wa Uingereza aliyeitwa Daniel James. Dogo alikuwa anasoma uhandisi Loughborough, chuo ambacho kwenye michezo hakina mchezo, na raga alikuwa anaijua kweli maana alishavaa jezi ya England ya vijana. Machi 2007 yuko mazoezini na klabu ya Nuneaton, skramu ikaporomoka, yani ile wanavyosukumana vichwa chini, wanane kwa wanane, shingo ikateguka na uti wa mgongo ukaumia. Kuanzia kifuani kushuka chini akapooza.

Miezi 18 baadaye, Septemba 2008, akiwa na miaka 23, wazazi wake wakamsindikiza Uswisi kwa watu wa Dignitas, taasisi inayowasaidia watu kufa, na huko akasaidiwa kufa kama alivyotaka. Sio kwamba walimsukuma, wao ndo walikuwa wanamsihi abadili mawazo, lakini daktari wa akili alishampima akakuta anajielewa vizuri tu na msimamo wake ni mmoja, maisha aliyobakiziwa anayaona ya daraja la pili na hayataki.

Waliporudi, wakawa watu wa kuhojiwa na polisi. Sheria ya Uingereza ya 1961 inasema ukimsaidia mtu kujiua unaweza kula hadi miaka 14, wakati Uswisi msaada huo ni kosa pale tu anayesaidia ana maslahi yake binafsi. Faili likapanda mpaka kwa DPP aliyekuwa na wiki chache tu ofisini, Keir Starmer, ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa waziri mkuu. Desemba 2008 akasema ushahidi wa kutosha upo ila kuwashtaki wazazi hawa hakuna maslahi kwa umma. Kesi ikaishia hapo.

Sasa wanaotaka sheria ibadilike wanashika hapohapo. Wanasema kama hata anayeisimamia sheria anaona tabu kuitumia, basi ipo ya nini? Na matokeo yake mwenye hela ya ndege na ya kuwalipa Waswisi anaenda, asiye nayo anabaki kitandani, tena hata anayeenda inabidi awahi, afe kabla ya wakati ambao angechagua, kisa asije akashindwa kusafiri. Debbie Purdy, mgonjwa wa MS, ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha mwili taratibu, aliwauliza majaji kitu kama hicho, mume wangu akinisindikiza mtamfunga au hamtamfunga, semeni mapema nijipange. 2009 akashinda na mwaka uliofuata DPP akatoa vigezo kwa maandishi. Hoja hii nzito, na mimi sijawahi kusikia jibu lake la kuniridhisha.

Upande wa pili wengi tunadhani ni mapadre na masheikh tu. Hapana bana. Baadhi ya sauti kali kabisa kule ni za walemavu wenyewe, mfano Tanni Grey-Thompson, bingwa wa Paralimpiki wa mbio za kiti cha magurudumu ambaye sasa anakaa Baraza la Malodi, lile baraza la juu la bunge la Uingereza. Hoja yao nikiiweka kwa maneno yangu ni hivi: kijana mzima wa miaka 23 akisema anataka kufa tunamkimbilia, tunaita ndugu, tunaita wataalamu, hatumwachi peke yake, akisema hivohivo akiwa kwenye kiti cha magurudumu tunatikisa kichwa tunasema tunamwelewa. Mbona tunamwelewa haraka hivyo?

Halafu yupo Matt Hampson. Raga hiyohiyo, skramu hiyohiyo, Machi 2005, mazoezini na vijana wa England. Yeye hata kupumua anasaidiwa na mashine, na akaanzisha taasisi ya kuwasaidia vijana walioumia michezoni. Kumtumia kama fimbo, kwamba mbona mwenzio ameweza, naona ni dhuluma, Daniel hakuwa Hampson. Ila jeraha linalofanana na bado mmoja anaona maisha yameisha na mwingine haoni, basi jeraha peke yake haliwezi kuwa jibu. Na miezi 18 jamani! Kwetu mtu akifiwa wazee wanamwambia asiharakishe kuuza hata kiwanja.

Lakini sasa uchungu wa hii stori uko hapa. Muswada wa kuruhusu kusaidiwa kufa wa mbunge Kim Leadbeater, ambao wabunge wa Uingereza waliupitisha Juni 2025 kwa kura 314 kwa 291, unamhusu mtu mzima anayetarajiwa kufa ndani ya miezi sita, madaktari wawili waridhie kisha jopo likae. Daniel hakuwa anakufa. Angefika na fomu zake angerudishwa mlangoni.

Wapinzani wanasema mlango huo utasukumwa tu, wanaonyesha Kanada: walianza 2016 na watu ambao kifo chao kinaonekana kinakuja, 2019 mahakama ya Quebec ikalikataa sharti hilo, 2021 likaondolewa, na 2023 vifo vya namna hii vilizidi 15,000, karibu kimoja katika kila 20. Tuseme haki lakini, jimbo la Oregon kule Marekani wana miezi sita yao tangu 1997 na hawajaisogeza.

Wengine wanasema tiba ya maumivu ndo jibu. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's London 1967, yani mahali pa kuwatunza wagonjwa wasiopona na kuwatuliza maumivu, alipinga kifo cha huruma kwa hoja hiyo, na wazo la hospisi likafika mpaka huku, Anne Merriman akapita Nairobi kisha 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda na mofini ya kunywa ya bei nafuu. Kazi kubwa, ila inamfaa zaidi mgonjwa wa kansa. Daniel maumivu alikuwa nayo, kilichomshinda ni kuishi kwenye mwili ule.

Mimi nikibanwa nitasema aliyebakiza wiki chache na dawa hazimtulizi, mpeni anachoomba. Daniel ningemwambia subiri, na najua kusema subiri ni rahisi kwangu mimi mwenye miguu. Muswada wenyewe uliposomwa mara ya pili Novemba 2024, Starmer alipiga kura ya ndiyo. Faili kama lile la 2008 likiletwa mezani kwa DPP hata muswada huo ukiwa sheria, litasomeka vilevile: ushahidi upo, wazazi walimsindikiza.