Makande Yaliyogoma Kuiva

Zamu ya kupokea kikoba ilipofika kwangu, nilijitakia mwenyewe. Mwenyekiti aliuliza tutakula nini, nami mbele ya mashahidi kumi na watatu nikajibu: "Makande." Ningesema wali ningekuwa nimepona. Wali ukikugomea unanyunyizia maji, unafunika, yanaisha. Makande yakigoma yanakula siku nzima na nusu gunia la mkaa juu yake.

Vipimo vyangu vilikuwa sahihi, hilo nalisimamia mpaka leo. Kilo 2 za mahindi yaliyokobolewa, kilo 1 ya maharage ya njano ya msimu huu. Nimesema ya msimu huu kwa sababu maharage yaliyolala stoo mwaka mzima hayalainiki hata uyahubirie. Ijumaa saa mbili usiku niliyachambua, nikaosha, nikaloweka kila kimoja na beseni lake, maji yakizidi juu kwa vidole vinne maana usiku kucha yananywa. Ukivichanganya kwenye beseni moja utavipika pamoja, na ukivipika pamoja maharage yatakuwa uji wakati mahindi bado yanakutolea macho.

Maji nayo niliyachagua. Wiki hiyo bomba lilikuwa linatoa upepo, na sisi huku Mabatini, Mwanza, juu kwenye mawe, ndoo ikikuponyoka unaifuata mpaka mlango wa jirani wa tatu. Ya kuoga na chai tulikuwa tunachotewa ziwani, yana tope la mvua. Ya makande nilikinga batini, mvua safi. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yanachelewesha maharage, kila mtu anajua, ila watu wanajifanya hawajui halafu wanasema mkaa ni mbaya.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi jiko limekolea. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Magu na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akatoka chumbani. "Mwangaluka, mkwe." Akaangalia sufuria, akaangalia jiko, akaangalia saa ukutani, akavuta kigoda. Kama aliyekuja kutazama mpira.

Nikamwaga maji ya kulowekea, nikatia mapya, nikabandika mahindi peke yake. Yalipochemka nikafungua kopo la magadi, nikatia kijiko kimoja cha chai.

Hapa inabidi nieleze makopo. Magadi yangu nayasaga, nayaweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Ya mawe hayapimiki: leo unatupia kipande kama punje ya hindi, kesho kama kidole gumba, na makande yakizidiwa magadi yana ladha ya sabuni na rangi ya maji ya mfereji. Shabu ya kutulizia maji ya tope, hii ambayo vinyozi nao wanaipaka kidevuni, sisi tunaiacha jiwe. Unalishika mkononi, unalizungusha kwenye ndoo mara kadhaa, unaacha maji yatulie, tope linajikusanya chini, unachota ya juu, unachemsha. Sasa wiki hiyo baba watoto alichoka jiwe kumponyoka na kuzama kwenye ndoo. Akalitwanga kwenye kinu changu cha vitunguu saumu, kimyakimya, ati ili iyeyuke haraka. Unga wake akautia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo akaliweka kabatini. Kando ya lile la magadi. Hakuniambia, kwa sababu aliona ni jambo dogo.

Saa mbili na nusu nikaongeza maharage. Nikachungulia, nikajisifu: mahindi yalikuwa meupe yanang'aa kama meno ya tangazo la dawa ya meno. Mpishi mwenye akili angestuka hapo hapo. Magadi yakiingia kwenye mahindi yanayapa umanjano kidogo, na maharage yanatoa mchuzi mzito wenye giza. Wangu ulikuwa umetakata. Nikadhani ni baraka za maji ya mvua.

Saa nne nikachota punje mbili kwa mwiko, nikang'ata. Kachu. Si kitu, mapema bado. Nikatia kijiko cha pili.

Saa tano na nusu, kachu ile ile, na mdomo ukanikaza kwenye fizi kama niliyelamba ndizi mbichi. Nikalaumu mwiko, maana asubuhi hiyo wifi aliutumia kukorogea juisi ya ukwaju. Nikatia kijiko cha tatu, hiki kimejaa.

Wifi yangu ndiye mweka hazina wa kikoba, alikuja mapema kupanga viti. Akaonja. Akatafuna muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

"Wifi, haya ni makande au umechimbua kokoto hapo nyuma ya nyumba?"

"Yanamalizikia."

"Yanamalizikia wapi?"

Mama mkwe hakusema kitu. Alisogeza kigoda karibu na jiko.

Kosa la kupandisha moto ni la kila mtu mwenye wageni, nami nililifanya. Moto mkali hauivishi makande haraka, unakausha maji tu na kupasua maganda, kisha chini yanashika. Makande yanataka yachemke taratibu, yamefunikwa, na kila maji yakipungua unaongeza ya moto, siyo ya baridi. Yalishika chini kidogo. Kwa hiyo saa saba mchana nilikuwa na sufuria yenye harufu ya kuungua na mahindi mabichi, kitu ambacho nilidhani hakiwezekani.

Pembeni kila kiungo kilikuwa kimejipanga kama bwana harusi: vitunguu vinne vimekatwa, nyanya sita, karoti, hoho, karanga nusu kilo zimekaangwa na kusagwa. Pwani wanatia nazi, sisi karanga, na sitabishana na mtu. Karanga zinaingia mwisho, umezikoroga na maji kwanza zisifanye mabonge, halafu unakaa hapo hapo unakoroga dakika ishirini kwa moto mdogo, maana zinafurika na kuungua ukigeuka tu. Nyanya na chumvi navyo vinangoja mpaka maharage yalainike. Nyanya ina uchachu, na uchachu unalikaza haragwe. Hilo nilikuwa nalijua vizuri kabisa. Ndilo lililonichanganya: nyanya zangu zote sita zilikuwa bado mezani, nazihesabu.

Saa nane kamili wanawake wakaingia na vitenge vyao na njaa yao. Kikao kikafunguliwa. Hisa zikanunuliwa. Mikopo ikajadiliwa. Mtu akauliza kama harufu ile ni ya kwetu au ya jirani.

Baba watoto naye akatoka bafuni na taulo begani, amenuna. "Mama watoto, haya maji yana nini? Tangu Alhamisi natia shabu hayatulii. Vijiko viwili kila ndoo! Ukinawa yanateleza. Na chai ya leo pia ilikuwa nyeusi tii, ina ladha ya sabuni."

"Nimekwambia suuza kikombe," nikamjibu, nikarudi kukoroga.

Mama mkwe akainua kidole. Akaomba kijiko. Akaonja mchuzi, akakunja uso mpaka macho yakapotea, kisha akauliza kwa upole mbele ya kikoba kizima:

"Mkwe wangu, humu ndani kuna mtu amenyolewa ndevu?"

Wanawake wakanyamaza.

"Hii ni ya kinyozi," akasema. "Hii ni shabu."

Akadai makopo yote mawili na limao. Akaweka chembe ya kila unga kwenye sahani, akakamua matone. Unga wa kopo nililopikia ulilowa tu, ukatulia kama mtoto mgeni. Unga wa kopo la baba watoto ukatoa povu, chwaaa, mpaka wifi akarudisha kiti nyuma. Magadi yakikutana na uchachu lazima yachemke. Shabu yenyewe ni chachu, itachemka na nani?

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi. Mwanamume alikuwa ananywa chai ya magadi na kuoga magadi siku ya tatu, ndiyo maana chai nyeusi na maji yanateleza. Mimi nilikuwa natia shabu kwenye sufuria, na kila nikiona hayaivi naongeza kile kinachoyazuia yasiive. Magadi yanalegeza ile gundi inayolishika haragwe ndani, shabu inaikaza. Wanaotengeneza achari wanaitia makusudi ili tango libaki linalia kachu. Nilikuwa nimetengeneza achari ya mahindi, kilo tatu.

Watu wananiuliza kama yanaokoleka. Mimi nilijaribu. Nilimwaga mchuzi wote, nikasuuza mara tatu, nikatia maji mapya ya moto na nusu kijiko cha magadi yenyewe, yaliyopimwa na mama mkwe kwa mkono wake. Saa kumi na moja maharage yalilainika nje, katikati bado yana kiini kama cha penseli. Mahindi hayakutaka mazungumzo. Ukakasi ulibaki. Niliyamwaga uani. Kuku wa jirani walikuja mbio, wakadonoa mara mbili mbili, wakasimama.

Kikoba kilikula ugali na dagaa. Wifi alisonga, mimi nikakaanga dagaa kwa zile nyanya sita na karanga zikaingia humo humo, dakika thelathini na tano kuanzia kuwasha jiko la pili mpaka kunawa. Michembe ya mama mkwe ilichemshwa ikaliwa na chai, chai ya maji ya mvua. Walikula wakasifu, na kila aliyesifu alisema "hii imeiva" huku akinitazama.

Baba watoto aliitwa barazani kujieleza. Alijitetea kwamba unga ni unga. Mwenyekiti akamwambia akae, yeye si mwanachama.

Kanuni zetu zina faini kwa anayechelewesha chakula cha wageni, shilingi 2,000, na daftari lina safu ya kueleza kwa nini. Katibu aliuliza aandike nini, mama mkwe akamtajia, na mpaka leo ukifungua ukurasa ule utakuta jina langu, kiasi, na pembeni kwa wino wa bluu: "Sababu: shabu."