Tunavuna mara mbili, kisha tunasubiri gari

Kila msimu wa kuvuna huku bonde la mto Mosel, Ujerumani, lazima atokee mgeni wa kuniuliza kwa sauti ya huruma: "Kwenu Afrika kuna zabibu?" Namjibu taratibu kwamba kwetu Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, ninyi mara moja tu. Anavyoduwaa! Hapo hujiona kama mimi ndiye niliyepanda mzabibu wa kwanza Bihawana, hukohuko Dodoma.

Raha yenyewe haidumu. Maana huyo mzee ninayemfanyia kazi, na mvuno wake mmoja, kwenye mlima wa mawe ambao mbuzi wa Kondoa angeukataa, anaishi kwa zabibu. Yeye, mkewe na binti yao. Sisi vibarua tunaongezwa wakati wa kuvuna. Wanapogoa wenyewe kwenye baridi kali, wanakamua wenyewe, na chupa inatoka na jina la ukoo wao. Sheria inawaruhusu kufungua ua wao na kuuza mvinyo wao miezi 4 kwa mwaka, viti visizidi 40, bila leseni ya baa. Mama anaandaa chakula chepesi, binti anamimina, mzee anapiga soga na wateja. Ndiyo biashara nzima.

Sasa nenda kwetu Dodoma, Mpunguzi au Hombolo. Mtu kapogoa, kapiga dawa, vichala vimejaa, halafu anakaa kusubiri gari la mnunuzi. "Wiki ijayo." Ikifika, wiki ijayo tena. Zabibu haijui wiki ijayo. Mwisho anauza kwa bei ya kutupa, au anakamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa mwenye kiwanda, na chupa inaingia sokoni kwa jina la mwingine.

Najua mnachotaka kusema. "Huyu keshakuwa Mzungu." Jamani, mimi huku ni mbeba zabibu mgongoni, magoti yananiuma kama mzee wa miaka 70. Nitaringia nini? Mwingine ataleta habari za ruzuku ya Umoja wa Ulaya. Kweli wanayo, sibishi. Ila ruhusa ya kuuza uani kwako inahitaji ruzuku gani? Na msidhani huku hakuna urasimu. Mvinyo wa daraja la ubora hauuzwi mpaka upimwe maabara, uonjwe na wakaguzi, upewe namba inayochapwa kwenye chupa. Mzee analaani makaratasi kila siku ya Mungu. Lakini akimaliza kulaani, chupa ni yake.

Kwetu mwenye ekari 2 akitaka chupa yake aanze TBS, shirika la viwango, aende TRA, mamlaka ya mapato, kwa stempu ya kodi, arudi kwenye leseni ya vileo, na bado hajapata chupa tupu. Anapimwa kwa kipimo cha kiwanda.

Wakulima wa Mayschoß, hukuhuku Ujerumani, waliungana kwenye ushirika wa mvinyo tangu 1868, na upo hadi leo. Nimesema ushirika, naona mnacheka. Haya, chekeni, hata mimi nayakumbuka madeni ambayo ushirika ulimwachia baba. Basi ushirika tuuweke kando. Mpeni huyo wa ekari 2 kibali cha kuuza uani kwake, miezi 4 tu kama hawa. Akilewesha kijiji kizima, mfungieni.