Usiku Meli Yetu Ilipopanda Kilima

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa ofisa wa tatu, mgeni kabisa melini, na chombo nilichokiamini kuliko macho yangu kilikuwa kipokezi cha Loran-C, mfumo wa redio wa kujulia mahali meli ilipo. Usiku mmoja tulikuwa tumetia nanga karibu na pwani tukisubiri ukungu uondoke. Nahodha alikuwa amelala, nami, kwa bidii ambayo hakuna aliyeniomba, nikazichukua namba za kipokezi na kuzihamishia kwenye ramani kwa bikari na penseli iliyochongeka vizuri. Nukta ikaangukia nchi kavu, kwenye mteremko wa kilima, mita 400 hivi kutoka ufukweni.

Nilifuta, nikapima upya, kilima hakikuondoka. Nikatimua mbio kumwamsha nahodha na kumweleza kwamba nanga imeburura na tumekwisha kupanda nchi kavu.

Alikuja na suruali ya kulalia, kiatu kimoja mguuni. Alikitazama kipima kina, kilichoonyesha maji ya mita 30 chini ya meli, kisha akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Kijana, kilima chako hicho kina samaki?"

Loran-C ilipima tofauti ya muda wa kufika kwa mawimbi kutoka vituo vya nchi kavu, mawimbi ya kilohezi 100 yanayoambaa juu ya uso wa dunia. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, kwa hiyo juu ya bahari wimbi huenda bila taabu. Likipita juu ya udongo na miamba, hupungua mwendo na kufika limechelewa. Kipokezi chetu, maskini, kilidhani njia yote ilikuwa bahari, na ucheleweshaji wote kikauhesabu kuwa umbali. Mikrosekunde moja tu ni karibu mita 300, na kati yetu na kituo kimojawapo palikuwa na milima mitupu.

"Jedwali la marekebisho limo katika droo," alisema nahodha. Nililipata chini ya tochi mbovu, nikapiga hesabu jasho likinitoka, ila palipotakiwa kutoa mimi nikajumlisha. Meli ikamaliza kilima, ikavuka barabara na kusimama kando ya alama ya kanisa.

"Afadhali," alisema nahodha. "Hapa angalau tutasali." Akarudi kulala.

Wiki tatu baadaye tulitia nanga palepale, nami kwa udadisi nikasoma kipokezi upya na kuweka namba zake bila kuzirekebisha. Kosa la nchi kavu halihamihami sana, ndiyo maana wavuvi waliipenda Loran-C kwa kurudia mitego yao hata kama latitudo ilikuwa ya uongo. Nilipoinama juu ya ramani nikakuta mtu amechora mbuzi mdogo pale mteremkoni, kwa penseli, kwa mkono ninaoufahamu. Nukta yangu mpya ikamwangukia katikati ya pembe.