Tsar Tank: gurudumu la mita 9 halikuwa wazimu

Zikitajwa silaha za ajabu za Vita Kuu ya Kwanza, picha ya kifaru cha Warusi, Tsar Tank, haikosi: mbele magurudumu mawili yenye spoku kama ya baiskeli, kila moja kipenyo cha mita 9 hivi, na nyuma roda ndogo isiyofika hata mita 2. Wengi huicheka na kupita. Nadhani wanamwonea mbunifu wake, Nikolai Lebedenko.

Alichotafuta ni njia ya kuvuka mahandaki na seng'enge. Kwa gurudumu dogo, handaki la mita 2 ni shimo la kuzama. Kwa gurudumu la mita 9 ni ufa tu. Hesabu hiyo ni sahihi, na hakuwa peke yake: Uingereza nako, mwaka 1915, magari ya vita yenye magurudumu makubwa yalijadiliwa kwa dhati. Wala wasaidizi wake hawakuwa wababaishaji. Alikuwamo Nikolai Zhukovsky, mwanasayansi mkuu wa urukaji wa Urusi, na kijana Alexander Mikulin, ambaye baadaye alibuni injini ya Il-2, ndege ya mashambulizi ya Kisovieti.

Hata hivyo, hoja za upande wa pili kwangu ni nzito zaidi. Inasimuliwa kwamba Tsar Nicholas II aliletewa modeli ya mbao yenye springi, akaichezea zuliani ikipanda juu ya vitabu, akafurahi, na fedha zikatoka. Kosa lilianzia hapo. Ukikuza kitu mara 10 kila upande, sehemu inayokanyaga ardhi huongezeka mara 100, lakini uzito huongezeka mara 1,000. Kila kipande cha udongo hubebeshwa mzigo mara 10. Zulia haliwezi kukufunulia hilo. Tope litakufunulia siku ya kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa Agosti 1915, msituni karibu na Dmitrov, kaskazini mwa Moscow. Mashine ya tani 60 hivi, nzito kuliko ilivyokusudiwa, iliondoka, ikaangusha mti, kisha roda ya nyuma ikazama. Injini mbili za Maybach, kila moja nguvu za farasi 240, zikashindwa kuinasua. Watetezi wake husema zingetafutwa injini kubwa zaidi. Sikubaliani nao. Injini kubwa huleta uzito wake, na roda ileile ingezama tena hatua chache mbele. Zaidi ya hayo, kombora moja la mzinga kwenye spoku lingetosha kuilaza. Ilibaki palepale hadi 1923, ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu.

Septemba hiyohiyo ya 1915, mjini Lincoln, Uingereza, William Tritton na Walter Wilson walikuwa na mashine yao, Little Willie, inayotembea kwa minyororo. Nayo haikwenda vitani, kwa sababu handaki pana liliishinda. Lakini hawakung'ang'ana nayo. Katika mashine iliyofuata waliuzungusha mnyororo mwili mzima na kuinua pua juu. Itazame kwa ubavuni: tumbo lake ni kipande cha mzingo wa gurudumu kubwa mno. Walichukua tao lile tu linalogusa ardhi, sehemu nyingine ya gurudumu wakaiacha, na uzito wakautandaza juu ya minyororo. Kwa umbo hilo vifaru vya Mark I viliingia vitani Somme, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916.